Gauni la Fiona na kamba zake

Wengi wanaoipenda katuni ya Shrek wanampenda punda. Mimi tangu filamu ile ilipotoka mwaka 2001 nimekuwa upande wa Fiona, na kwa Fiona macho yangu hayatoki kwenye gauni. Kijani kilichoiva, mikono mirefu ya kubana, shingo iliyo wazi kiasi, sketi inayofika chini. Mchana amelivaa akiwa binti mfalme mwembamba mwenye msuko mwekundu. Jua likizama laana inamshukia, anageuka zimwi mwenye mabega ya kubebea gunia, na gauni ni lile lile. Hatumwoni akibadilisha, wala hatusikii mshono ukipasuka. Asubuhi wembamba umerudi na gauni limemkaa vizuri tu.

Utotoni hilo halikunisumbua. Nilipojifunza kushona ndipo lilipoanza kuninyima usingizi.

Gauni la katuni ile halina pa kuingilia. Nimeisimamisha picha nikatafuta kifungo, zipu, kamba, tundu, chochote kile, nisione kitu. Limejengwa ndani ya kompyuta likiwa tayari juu ya mwili. Hakuna aliyewahi kuinua mikono akalipitisha kichwani. Kwa hiyo anayetaka kulishona hana cha kunakili, ana swali la kujibu: huyu dada aliingiaje humu? Na kwa Fiona kuna swali la pili, gumu zaidi. Mwili ukinenepa usiku, nguo inafanyaje?

Njia ya mkato ipo na kila fundi anaijua. Kitambaa cha kuvutika, zipu mgongoni, kazi imekwisha kabla ya magharibi. Magauni mengi ya Fiona yanayouzwa ni ya namna hiyo na siyasemi vibaya, yanafaa kwa sherehe ya watoto. Ila mimi nilikuwa nimejifungua mwaka uliotangulia, kabatini nina nguo nzuri kadhaa zenye zipu ambazo hazipandi tena, na kila nikizitazama naona ujinga wa nguo inayojua kiuno kimoja tu. Nilitaka gauni ambalo mwanamke mwenye damu na nyama angeweza kulivaa kabla ya laana na baada ya laana. Nililipata Italia, katika mji wa Florence, nusu ya pili ya karne ya 15.

Hadithi ya Fiona haina nchi. Ina kasri, joka na msitu, basi. Nilienda Florence kwa sababu wanawake wa kule walikuwa na jibu.

Mwanamke wa Florence wa miaka ya 1480 alivaa kwa tabaka. Ndani kabisa ni camicia, shimizi nyeupe ya kitani, ndefu, yenye mikono mipana. Hiyo ndiyo iliyogusa jasho na ndiyo iliyofuliwa. Juu yake gamurra, gauni lenye kifua cha kubana na sketi ya marinda, linalofungwa kwa kamba mbele au ubavuni. Akitoka nje kwenda kuonekana na watu, juu yake tena huja giornea, vazi lililo wazi ubavuni ambalo kazi yake kubwa ni kutangaza mali ya mume. Mikono ya gamurra mara nyingi haikushonewa kwenye gauni. Ilifungwa begani kwa vikamba, ikaachwa nafasi, na shimizi ikavimba nyeupe kwenye nafasi hizo.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, tafuta picha ya Giovanna degli Albizzi iliyochorwa na Domenico Ghirlandaio. Ina tarehe ya 1488 na sasa iko Madrid, kwenye makumbusho ya Thyssen-Bornemisza. Amegeuka ubavu, shingo imenyooka, nywele zimesukwa zikafungwa kisogoni, na mkono wa gauni lake umepasuliwa makusudi ili shimizi itokeze. Ni picha ya kutulia sana. Giovanna alikufa mwaka huo huo wa 1488 akiwa na mimba ya mtoto wake wa pili. Wanawake wa tabaka lake waliolewa wakiwa wasichana, wakabeba mimba moja baada ya nyingine, na hariri waliyovaa ilikuwa mali ya ukoo. Nguo ya namna hiyo huwezi kuikata kwa kiuno cha mwezi mmoja tu.

Ushahidi ulionimaliza kabisa uko Monterchi, mji mdogo wa Toscana, jimbo lile lile la Florence. Huko Piero della Francesca alichora ukutani, katikati ya karne ile ya 15, Bikira Maria akiwa mjamzito. Malaika wawili wanafungua hema, mmoja huku na mmoja kule, naye amesimama katikati kwa gauni la buluu, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo. Mbele, gauni limefunguka kutoka kifuani kushuka tumboni, na katika mwanya ule unaona nguo nyeupe ya ndani. Ubavuni nako kuna mwanya. Walioandika juu ya picha hii wanazungumzia imani, na wana haki. Mimi naona mwanamke aliyelegeza kamba zake kwa sababu tumbo limekua, akaendelea kuvaa gauni lake zuri. Mchoraji hakuona aibu kuuchora ule mwanya. Ameuweka katikati ya ukuta, pale jicho linapotua kwanza.

Gauni la kamba halina saizi, lina kuanzia hapa mpaka pale. Ukikonda kingo zinakutana, ukinenepa zinaachana na shimizi inajaza nafasi, na hakuna atakayesema limekubana kwa sababu weupe ule ni sehemu ya urembo. Zimwi angelegeza kamba usiku, alfajiri akazikaza.

Na Fiona anapigana, hilo tusilisahau. Msituni anawachapa Robin Hood na watu wake wote peke yake, kwa mateke ya hewani. Mtu yeyote aliyewahi kushonewa mkono mwembamba wenye kwapa la chini anajua kinachotokea ukinyanyua mkono kumpungia tu rafiki: gauni zima linapanda nawe. Mkono wa Florence umefungwa begani peke yake, kwapani pako wazi. Unanyanyua, shimizi inajifungua, gauni linabaki mahali pake. Wanahistoria wa mavazi watasema mikono ile ilikuwa ya kuonyesha kitani safi, na kweli ilikuwa hivyo. Lakini jaribu kuivaa halafu uchukue kitu juu ya kabati.

Basi nikaingia Kariakoo kutafuta mahameli.

Mwaka 1447 mama mmoja mjane wa Florence, Alessandra Macinghi Strozzi, alimwandikia mwanawe aliyekuwa Napoli kuhusu uchumba wa binti yake Caterina. Mchumba, Marco Parenti, alikuwa mfanyabiashara wa hariri, na alikuwa ameagiza kwa ajili ya bibi harusi gauni la mahameli ya hariri nyekundu pamoja na taji la manyoya na lulu lililofika florini 80, sarafu za dhahabu za mji ule. Mama anaandika kwa fahari isiyofichika kwamba binti akitoka nje atakuwa amebeba mwilini zaidi ya florini 400. Wekundu ule wa bei ulitokana na vidudu, si mmea, na fundi aliyeikata nguo alilipwa kiasi kidogo mno ukilinganisha na kitambaa alichoshika. Hesabu hiyo sisi tunaijua kwa upande wa pili: siku hizi kitambaa kimeshuka bei, ila mteja bado anataka fundi ndiye apunguze.

Mahameli ya mapambo ya harusi imejaa Mtaa wa Kongo, lakini karibu yote ni ya poliesta na inameta kupita kiasi. Kwenye picha inatoka kama maji yenye mafuta. Niliyoitaka, ya pamba, nzito na isiyong'aa, niliikuta duka la mapazia.

"Dada, hicho ni cha makochi," kijana akaniambia kwa huruma.

"Nipimie hicho hicho, kaka."

Rangi yake ni kijani cha chupa, na hapo nina la kusema kidogo. Kijani kilikuwa kazi ngumu kwa watia rangi wa Toscana. Dunia imejaa majani lakini rangi ya majani haishiki kwenye nguo. Kwa hiyo kitambaa kilitumbukizwa mara mbili: kwanza kwenye buluu ya guado, mmea uliolimwa na kuuzwa sana upande wa Sansepolcro, nyumbani kwa Piero yule yule, kisha kwenye manjano ya mmea mwingine. Manjano ndiyo hutangulia kufa kwa jua. Ndiyo maana mazulia ya kale ya ukutani huko Ulaya yana miti ya buluu. Gauni la Fiona lingekuwa kweli la zama zile, leo huenda tungelikuta makumbusho likiwa buluu tupu na tungebishana kama ni lake.

Kitambaa changu kilikuwa na upana wa sentimita 150. Hariri ya Florence ilifumwa kwa upana wa takriban braccio moja, kipimo cha mji kilicholingana na sentimita 58 hivi, kwa hiyo sketi zao ni vipande vyembamba vilivyounganishwa vikasimama wima. Ningeweza kuukata upana wote bila mshono, ila mshono ule wa wima unaipa sketi uti. Inaanguka kwa mistari badala ya kujaa ovyo. Nikachukua chaki, nikapiga mstari kwenye sentimita 58, tena 58, ikabaki pembeni sentimita 34 ambayo imetosha mikono na ukanda wa shingo. Vipande vitano vimetengeneza sketi yote. Taka iliyobaki ingeingia mfukoni.

Mwenye kushona mahameli mara ya kwanza na asikilize hili moja. Ina manyoya yenye mwelekeo. Pitisha kiganja kwenda chini, inalala na kung'aa. Pitisha kwenda juu, inasimama na rangi inaingia kiza. Vipande vyote vikatwe vikielekea upande mmoja, la sivyo utavaa gauni la viraka viwili vya rangi bila kutaka. Mimi nimekata manyoya yakipanda juu, ili kijani kiwe kizito. Na pasi isiguse uso wake. Laza uso wa mahameli juu ya taulo nene, pitisha mvuke kwa nyuma, ngoja ipoe.

Kifua nilikijaribu kwanza kwa marekani, kile kitambaa cha pamba cha rangi ya asili kinachochafuka ukikitazama. Zama zile hakukuwa na vijiti wala mifupa ndani ya gauni. Mambo hayo yalikuja baadaye. Kinachoshikilia ni tabaka. Ndani ya mahameli nimeweka marekani nzito mara mbili, nimezipiga bandi kwa mistari ya karibu karibu mpaka zikawa kipande kimoja kigumu, halafu bitana ya pamba. Kiuno kiko juu, chini kidogo ya kifua. Kwa mwanamke aliyejifungua karibuni hiyo ni rehema.

Sasa kamba. Kamba zinahitaji matundu, na hapa nilipanda boti kwenda Unguja kwa bibi.

Bibi yangu ameshona kofia za viua maisha yake yote. Kama hujawahi kuishika kofia ya viua, ni ile ambayo nakshi yake nzima imejengwa kwa matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, mamia kwa mamia, yanayopitisha hewa kichwani. Madukani siku hizi watu wanapiga matundu kwa nyundo na kuvika vikuku vya bati, na nimeona wenzangu wa huko nje wakihangaika kujifunza kwa video jinsi ya kushona tundu kwa mkono wa zama za kale. Mimi ninaye mwalimu aliyekaa barazani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndo nini hichi, pazia?"

Nikamweleza. Binti mfalme, mchana mwembamba, usiku zimwi. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

"Basi kamba ndiyo yenyewe," akasema. "Hebu nipe."

Hakukata hata uzi mmoja wa kitambaa. Alichukua shazia, ile sindano nene, akaichomeka palipowekwa alama, akaizungusha taratibu, nyuzi zikasogea pembeni kupisha. Tundu likapatikana bila kitambaa kujeruhiwa. Kisha sindano ndogo, uzi wa pamba uliopitishwa kwenye nta, akaanza kuzunguka: anatokea katikati ya tundu, anashuka ukingoni, anavuta kwa nguvu ile ile kila mara, na baada ya kila mishono michache anairudisha shazia ndani kulifungua tena lisije likajifumba. Kidole gumba kinashikilia palipokwisha kushonwa. Mzunguko wa kwanza mishono ina nafasi, wa pili unajaza mapengo. Mwisho wake ni pete ya uzi iliyokaza, laini ukiigusa, na kwa sababu nyuzi za kitambaa zipo zote ndani yake, kamba ikivutwa haichanwi. Tundu la kukatwa kwa mkasi lingeanza kulika mapema.

Matundu ya Florence hayakutazamana. Sisi tumezoea kamba ya kiatu, ncha mbili zinazopishana, na katuni zikichora zama za kale huchora hivyo hivyo. Kule walitumia kamba moja tu. Unaifunga fundo chini, unapanda nayo kulia, kushoto, kulia, mpaka juu. Ukipanga matundu yatazamane, upande mmoja utavutwa juu kuliko mwenzake na shingo itakaa kombo. Kwa hiyo tundu la kushoto linakaa katikati ya mawili ya kulia, isipokuwa la mwanzo na la mwisho. Bibi alipoona nimepiga alama hivyo akaniuliza kama nimelewa. Nilipopitisha kamba akanyamaza, akaivuta mwenyewe mara mbili tatu kuijaribu, akasema waliofanya hivi walikuwa na akili, maana mtu anaweza kujifunga peke yake.

Hilo ni kweli kwa kamba za mbele. Binti mfalme aliyefungiwa mnarani na joka, bila mtumishi hata mmoja, lazima ajifunge mwenyewe. Ndiyo sababu nikaachana na kamba za ubavuni ingawa zingekaribia zaidi sura ya katuni, ambayo mbele ni safi kabisa.

Marinda ya sketi sina mengi ya kuyasema. Nimepitisha nyuzi mbili sambamba, nikavuta, nikashikiza kila rinda kiunoni kwa mkono, kwani mahameli nzito namna ile inaushinda mguu wa cherehani yangu. Shimizi ni ya melimeli. Kitani nilichokipata kilikuwa cha suti na hakikufaa. Shingoni nimezungusha zari nyembamba ya dhahabu ya kushonea madera, na nikajizuia hapo. Zari ni rahisi kuiongeza na ngumu kuiacha.

Rafiki yangu alipofikisha miaka 30 alitaka kila mgeni aje na mtu wa katuni ya utotoni. Dar, mwezi wa tisa, afadhali ya joto lakini joto lipo. Nilijiandaa kuteseka. Kumbe shimizi pana chini ya gauni lenye mianya mabegani, viwikoni na kifuani inapitisha upepo kuliko gauni la poliesta lenye bitana niliyovaa kwenye harusi ya binamu. Uzito ndio unaochosha. Sketi ile ukikaa nayo kwenye kiti cha plastiki inakaa na wewe, ukisimama unaibeba upya.

Nilikwenda na mdogo wangu, naye ni mwembamba wa kweli, mwili wangu wa zamani. Tulikuwa tumepanga jambo. Nusu ya kwanza ya sherehe aliingia yeye, taji kichwani, msuko wa nywele bandia nyekundu, kamba imekazwa mpaka kingo za kifua zikagusana na mahameli ikawa kipande kimoja kisicho na mwanya. Baada ya keki tukaingia chumbani. Nikamfungua, nikalivaa mimi, uso na mikono nimepaka kijani. Kamba ile ile, matundu yale yale. Kifuani ukabaki mwanya wa vidole vinne na melimeli nyeupe ikaujaza juu mpaka chini. Hakuna mshono uliofumuliwa wala pini iliyochomekwa. Niliporudi ukumbini mwenye sherehe alizunguka nyuma yangu kuitafuta zipu.

Baadaye nilishona mikono ya pili, myekundu, kutokana na kipande cha mahameli nilichobakiza kwenye kazi nyingine. Watu wa Florence walifanya hivyo, mikono ya rangi tofauti na gauni, na kwenye orodha za mali za nyumba iliandikwa peke yake kwa kuwa ilikuwa na thamani yake. Kijani na nyekundu vinapendana kuliko nilivyotazamia.

Mdogo wangu anadai gauni ni lake kwa sababu kwake linafunga mpaka mwisho. Nimemwambia alichukue. Mikono, jozi zote mbili, inabaki kwangu, na akiitaka anajua pa kuja.